X haina rangi ya mpangaji: Barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani la Geita

Waheshimiwa Madiwani,

Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kando ya barabara kuu anajua kusoma ukuta. X nyekundu ina maana yake na X ya kijani ina yake. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, watu wa TANROADS walipita na makopo mawili ya rangi. Nyekundu ilikuwa ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani: avunje, aende zake bila senti. Kijani ilikuwa ya yule aliyefuatwa na barabara nyumbani kwake: akae, asubiri fidia. Watu wakazoea. Mwenye kijani akapewa hongera, mwenye nyekundu akapewa pole.

Ila X huchorwa ukutani, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Nyuma ya ukuta huohuo kuna chumba cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, na ndani ya kila kimoja kuna mtu aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huyo hana rangi yake. Greda likija, atasikia habari kutoka kwa mwenye nyumba, naye mwenye nyumba huenda anaishi Mwanza.

Barua hii inaletwa Geita, na nakala zake Kahama na Shinyanga, kwa sababu miji ya dhahabu ni miji ya wapangaji kuliko miji mingine. Mchimbaji mdogo hafiki mjini na tofali. Hufika na begi moja, akifuata rashi, akapanga chumba karibu na karasha la kusaga mawe, na duara la kuchimbia likikauka anahama. Broka wa dhahabu hupanga. Fundi wa mitambo hupanga. Tangu Geita ipewe mkoa mwaka 2012, makarani na maofisa waliohamishiwa huko nao wamepanga, na mwalimu wa ajira mpya akashindania chumba kilekile na mchimbaji mwenye fedha taslimu. Sensa ya mwaka huo iliukuta mkoa una watu 1,739,530. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,977,608. Watu zaidi ya milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na si wote waliozaliwa hapo.

Dhahabu yenyewe haikuanza na mgodi wa leo. Wajerumani waliijua kabla ya karne ya 19 kwisha, na enzi za Waingereza ulikuwapo mgodi wa chini ya ardhi uliokuja kufungwa mwaka 1966. Mji ukabaki mdogo, wa pamba na samaki, hadi mgodi wa leo, GGM, ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Kwa hiyo mitaa ya zamani ya Geita ilijengwa na watu wawili tofauti: mkulima aliyegawa shamba la baba yake vipande vipande, na mgeni aliyenunua kipande kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyevuta kamba ya mpima ardhi. Njia ilipita pale miguu ilipopita.

Chukua nyumba moja ya kawaida katika mitaa hiyo, ziko nyingi mno zinazofanana. Ina korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Uani kuna choo, bafu la mabati na majiko ya mkaa yaliyopangwa kwa heshima ya mwenye kila jiko. Chumba cha kwanza anakaa kijana wa karasha anayerudi jioni na vumbi la mawe kwenye nyusi. Cha pili ni cha dada anayeuza vitenge, cha tatu cha mwalimu. Barazani kuna fundi cherehani anayelipa pango la baraza peke yake, na pembeni yake mama lishe mwenye mabenchi mawili, sufuria la maharage na wateja wa kijiwe cha bodaboda kilicho mbele. Mwenye nyumba mmoja, riziki nane au tisa. Mthamini akifika na fomu yake, ataandika jina moja.

Hafanyi kosa. Anafuata kanuni. Kanuni za Fidia ya Ardhi za mwaka 2001 zimeeleza vizuri tu nini kilipwe ardhi inapotwaliwa: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi sawa na pango la miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Tani kumi na mbili! Mpangaji wa Nyankumbu, hapo Geita, akihama, kitanda, godoro, jiko la gesi na ndoo zake vinaenea kwenye guta moja na nafasi ya kukaa mtoto inabaki. Kuna pia fidia ya kupotezewa faida ya biashara, faida halisi ya mwezi mara 36, ikithibitishwa inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe ana daftari la madeni lenye mafuta ya taa. Mkaguzi wake ni kumbukumbu yake.

Hapo ndipo maneno yanapogeuka kuwa fedha. Pango la miezi 36 linahesabiwa kwa kigezo cha mtu anayepoteza makazi, lakini mkononi analipokea mwenye ardhi, hata kama yeye halali kwenye nyumba hiyo. Waliolala humo wanatoka na kodi ya miezi iliyobaki ambayo haijarudishwa, wakikimbilia mtaa wa pili ambako bei imeshapanda kwa sababu wote wamekimbilia hukohuko. Sheria ya kumkinga haipo: sheria ya udhibiti wa pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa Tanzania analindwa na mkataba wake, kama anao.

Ajabu ni kwamba Serikali ileile inamjua mpangaji vizuri sana inapomtafuta yenyewe. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba ya vyumba sita anayenunua umeme si mwenye nyumba aliyeko Mwanza. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango nayo, TRA imemtaka mpangaji aikate na kuiwasilisha. Kwenye Luku anaonekana, TRA anaonekana. Kwenye fomu ya uthamini anapotea.

Sasa kuna sababu ya kuyasema haya mwaka huu na si mwakani. Geita na Kahama zimo katika kundi la kwanza la miji 12 ya mradi wa TACTIC, ule wa kuboresha miundombinu ya miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Shinyanga inafuata katika kundi la pili. Mradi huu unaleta barabara za lami, mitaro, taa, masoko na stendi, mambo ambayo wakazi wa mitaa ya zamani wameyaomba kwa miaka. Hakuna mwenye akili timamu anayelilia tope la masika ya Geita. Anayelilia ni yule anayejua kitakachofuata taa ya barabarani: mwenye nyumba anapiga plasta, anaweka vigae barazani, fundi cherehani anaambiwa atafute kwingine kwa kuwa baraza sasa ni duka la simu, na chumba kinapanda bei kwa sababu lami imefika. Kijana wa karasha anasogea pembezoni, kisha mlimani, mahali ambapo mpango wa miaka kumi ijayo utamkuta tena na kumwita mvamizi.

Katika TACTIC lakini kuna jambo ambalo madiwani wengi huenda wamelipitia kwa haraka kwenye makabrasha. Masharti ya Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu, yale ya kiwango cha tano cha mazingira na jamii, yanamtambua hata mtu asiye na hati wala haki ya ardhi kisheria. Mpangaji anahesabiwa. Mfanyabiashara wa barazani anahesabiwa. Inawekwa tarehe ya kufunga orodha, watu wanaandikwa, na anayepoteza chumba au kazi anasaidiwa kuhama na kuanza upya. Maana yake ni kwamba katika mji mmoja, mtaa unaopitiwa na barabara ya mkopo utamwandika mama lishe, na mtaa wa pili unaopitiwa na barabara ya mapato ya ndani, au na zoezi la urasimishaji, hautamwandika. Mama lishe yuleyule, benchi lilelile. Tofauti ni nani kalipia lami.

Urasimishaji unastahili kusemwa peke yake. Wenyewe ni wazo zuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeuruhusu, na bila huo mitaa mingi ya Kanda ya Ziwa isingepata hata upana wa kupita gari la zimamoto. Wenye viwanja wanachangia gharama za upimaji kwa kiwango elekezi, na wanakubaliana kuachia sehemu ya ardhi kwa ajili ya njia bila fidia. Wanakubaliana. Neno hilo linabeba mkutano mzima wa mtaa, na kwenye mkutano huo anayepiga kura ni mwenye kiwanja. Njia ikipanuliwa mita mbili, mwenye nyumba anapoteza ukingo wa uwanja na anapata hati. Aliyekuwa na meza ya nyanya kwenye ukingo huo anapoteza duka zima na hapati karatasi yoyote.

Kupanga ardhi kwa kuwasikiliza wanaoishi juu yake si jambo geni katika kanda hiyo. Wasukuma walikuwa na mipaka kabla ya bikoni. Ukipita vijiji vya Shinyanga leo bado utaona minyaa, ua wa kijani unaozunguka kaya, na kila mtu anajua minyaa hiyo ilipandwa na nani na kwa makubaliano gani. Walikuwa pia na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawapanga watu kwa mistari iliyonyooka, ngitili nyingi zikaachwa nyuma, na ardhi ikazidi kuwa tupu hadi Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake walianza na miche ya miti ya kigeni, kisha wakafanya jambo ambalo wataalamu hulifanya mara chache: wakawauliza wazee. Wazee wakasema ngitili. Zikarudishwa, mipaka ikasimamiwa na vijiji vyenyewe kwa sungusungu na dagashida, mkutano wa jadi wa kuamua kesi na kanuni, na hatimaye kazi hiyo ikafika vijiji 833. Mpima ardhi hakuhitajika kumkumbusha mtu mpaka uko wapi.

Mwadui, umbali mfupi kutoka mji wa Shinyanga, ni somo la upande wa pili. Baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, kampuni ilijenga mji wa mfano ndani ya uzio, wenye hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa vyeo. Mji safi, uliopangwa hasa. Lakini kila aliyekaa humo alikuwa mpangaji wa mwajiri wake, na kazi ikiisha na nyumba imeisha. Watoto wa Mwadui wanaujua vizuri mji wa kuzaliwa ambao huwezi kurudi kuustaafia.

Geita haijambo, ina baraza linalochaguliwa. Ina pia jeraha ambalo kila diwani mwenyeji analifahamu. Leseni kubwa ya mgodi ya mwaka 1999 ilichora takribani kilomita za mraba 196, na ndani ya mstari huo kulikuwa na watu, mashamba na mitaa. Mgogoro wa bikoni umepita mikononi mwa mawaziri wengi. Mwaka 2007 familia zilizoondolewa Mtakuja kwa amri ya mahakama ziliishi kwenye mahema mjini Geita, nazo mahema hayo hazikuyatoka mwaka ule wala uliofuata. Mjadala wa wakati ule ulijaa swali la nani alikuwa na haki ya ardhi. Swali la nani alikuwa anaishi pale usiku wa kuamkia siku ile lilikuja baadaye, limechoka.

Orodha ya waliokuwa wanaishi ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Magomeni Kota ya Dar es Salaam ni shahidi. Wakazi wa kota zile za umma walikuwa wapangaji, hawakuwa na hati hata moja kati yao. Walipoondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita walikuwa kaya 644, na idadi hiyo ikaandikwa. Wakatawanyika, wakazeeka, baadhi wakafa wakisubiri, kiwanja kikabaki majani na maneno. Hata hivyo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa mapya tarehe 23 Machi 2022, nyumba za kaya zile 644 zilikuwamo. Kusubiri miaka kumi si mfano wa kuigwa na mtu. Kinachofaa kuigwa ni daftari lile lililowakumbuka watu wasio na hati muda wote huo.

Baraza la Geita haliwezi kubadili Sheria ya Ardhi, na barua hii haiombi hilo. Linaombwa lililo ndani ya uwezo wake. Kila mradi wa mji, uwe wa mkopo, wa mapato ya ndani au wa urasimishaji, utanguliwe na orodha ya wanaoishi na wanaofanya kazi katika kila jengo, si wenye majengo pekee. Nusu ya kazi imeshafanyika. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilibandikiwa namba za nyumba kwa operesheni ya anwani za makazi. Mtendaji wa mtaa anapaswa kuwa na daftari la wakazi. Mjumbe wa shina anajua nani kahamia Jumamosi iliyopita na kaja na nini. Orodha ibandikwe ofisi ya mtaa, siku za kutosha, watu waipinge: fulani si mkazi, fulani amesahauliwa.

Kuna atakayesema wapangaji hawatulii, kwamba leo utamwandika huyu na kesho yuko Katoro. Ni kweli, Katoro inawavuta. Mji ule umekua haraka kuliko ramani yake, na watu wameuita Kariakoo ya Kanda ya Ziwa kwa sababu. Kuna atakayesema pia kwamba ukitangaza orodha, kila mwenye nyumba atajaza shemeji zake sita. Ndiyo maana kuna tarehe ya kufunga, na ndiyo maana majirani wanaisoma ubaoni. Mthamini aliye peke yake anadanganyika kwa urahisi kuliko korido nzima ya wapangaji wenye wivu.

Fedha? Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, kifungu cha 105, yanautaka mgodi uandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na Geita inapata ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo ya mgodi, baada ya miaka ya kulipwa dola 200,000 tu kwa mwaka. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na uwanja wa mpira, na hakuna anayebeza. Posho ya kuhama ya mpangaji, tuseme pango la miezi mitatu na nauli ya guta, ni senti ndogo pembeni ya gharama ya kilomita moja ya lami. Wenye baraza za biashara wapewe kwanza nafasi katika masoko mapya, kabla meza hazijagawiwa kwa wanaojua nani anagawa. Hilo la mwisho halihitaji hata bajeti.

Kahama nayo isikilize, maana inakimbia kuliko wote. Sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa wake. Mgodi wa Buzwagi umefungwa tangu 2021, eneo lake limegeuzwa kuwa la uwekezaji maalumu, na viwanda vikija vitaleta wapangaji wapya juu ya wa zamani. Shinyanga, mji wa reli tangu njia ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, inapitiwa sasa na SGR ya Isaka hadi Mwanza. Kila stesheni mpya huzaa mtaa wa vyumba vya kupanga kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa.

Mwandishi wa barua hii anaomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa robo mwaka wa baraza, chini ya taarifa ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kwamba mtendaji wa kila mtaa utakaopitiwa na barabara aje na daftari lake la wakazi. Atakayekuja bila daftari apewe wiki mbili akaliandike, na aanze na barazani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji

Nakala kwa: Baraza la Madiwani, Manispaa ya Kahama, Baraza la Madiwani, Manispaa ya Shinyanga, Wenyeviti wa Mitaa wote wa Geita (tafadhali ibandikwe ubaoni).